Dumu la Maji na Kipindi cha Kwanza

Ninyi mnaoingia sasa kwenye kazi ya uthibiti ubora wa shule mna vishikwambi, mna pikipiki zenye breki, na mna fomu zinazojijumlisha zenyewe. Sisi tulianza na kalamu, daftari kubwa la mistari na pikipiki moja ya ofisi ambayo ilisukumwa mpaka iamue yenyewe kuwaka. Siwaonei wivu. Nimeombwa niwaandikie mawili matatu kuhusu kazi hii, nami nimekubali kwa sababu kuna jambo moja nililolikosea, na aliyelilipia alikuwa mwalimu mwenzangu. Nitalifikia. Halinipendezi kulisimulia, kwa hiyo mnivumilie nikizunguka kidogo kabla ya kulifikia.

Jina langu Teofrida, lakini watu wa shule wa Nachingwea na Ruangwa wananijua kwa jina la Madamu. Nilifundisha Marambo miaka mingi, madarasa ya chini, kisha nikachukuliwa kuwa mkaguzi. Baadaye tukaambiwa sisi si wakaguzi tena, tumekuwa wathibiti ubora, kazi yetu ni kusaidia na kushauri. Jina lilibadilika siku moja. Sisi wenyewe tulichukua muda mrefu zaidi, na walimu nao hawakuharakisha kutuamini. Nikitoka shule moja, simu inatangulia: "Madamu kaondoka hapa sasa hivi, kilemba cha bluu, anakuja kwenu." Nikifika nakuta uwanja umefagiliwa na kunyunyizwa maji, na kila mwalimu anafundisha kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

Kilemba cha bluu niliacha kukivaa. Haikusaidia. Wakaanza kuitaja pikipiki.

Kuna shule mbili jirani, sitazitaja, ambazo walimu wakuu wake walikuwa marafiki. Katika ya kwanza nilimkuta msichana mwembamba wa darasa la pili, sweta ya kijani, anasoma kama mtangazaji wa redio. Nilifurahi, nikaandika kwamba darasa linasoma vizuri. Baada ya siku tatu nikaenda ya pili. Nikaomba mtoto mmoja asome, akasimama yuleyule, na sweta ileile.

"Mwanangu, umehama?"

"Sijahama, Madamu. Nimekuja kusoma tu, nikimaliza narudi kwetu."

Mwalimu Mkuu akaanza kukohoa. Nikamuuliza mtoto ameletwa na nani.

"Mwalimu, kwa baiskeli. Kasema kama na kesho utakuwepo, na kesho nakuja."

Nilitoka nje nikacheka mpaka nikashika ukuta. Hata hivyo njiani nilipokuwa narudi Nachingwea mjini, kicheko kiliisha. Watu wazima wawili, wenye vyeti, wamekubaliana kumpakia mtoto kwenye baiskeli ili mimi niondoke nimeridhika. Mchezo huo walijifunza wapi? Waliujifunza kwangu, kwa namna nilivyokuwa nikifika, nikiuliza na kuondoka. Nilijua hivyo siku ile, nikalisema hata ofisini kwa mzaha, halafu nikaendelea na kazi vilevile.

Basi niwape ya kushika mkononi, maana mengine haya ni ya kusimulia tu. Usimwombe mtoto asome ukurasa alioufungua mwalimu. Ufungue wewe, katikati ya kitabu, na uifunike picha kwa kiganja chako. Upande wa Naipingo nilishamsikiliza mtoto akinisomea ukurasa mzima bila kukosea, kitabu kikiwa kichwa chini miguu juu; alikuwa ameukariri wote, na kwa kweli alikuwa na akili nyingi sana huyo. Madaftari yaanze kutazamwa nyuma kwenda mbele. Kurasa za mwanzo zinaandikwa kwa ajili yako, za mwisho zinaandikwa kwa ajili ya siku yenyewe. Ukiingia darasani kaa karibu na dirisha, karibu na yule anayetazama nje. Halafu uulize kitabu cha hadithi kinakaa wapi. Kikiletwa kutoka kabatini na ufunguo wa kabati unatafutwa nusu saa, umeshapata jibu lako bila kukifungua.

Hayo nilikuwa nayajua. Nawaambieni ili mfahamu kwamba sikuwa mjinga wa kazi wakati nilipokosea.

Tuliitwa semina Ruangwa, walimu wakuu, walimu wa madarasa ya chini na sisi wathibiti. Mwezeshaji alikuwa kijana nadhifu aliyewahi kusimamia ubora kiwandani, na alikuja kutufundisha namna ya kuupeleka ubora wa kiwandani shuleni. Alichora duara ubaoni: panga, tenda, kagua, rekebisha, kisha rudi mwanzo. Akasema ubora hautiwi mlangoni bidhaa inapotoka, unatiwa njiani kote inakopita. Akasema tatizo likitokea tuulize "kwa nini" mara tano, tutafika kwenye mzizi. Kisha akauliza swali lililotumalizia saa nzima: mteja wa shule ni nani?

Mmoja akasema mzazi. Mwingine akasema taifa. Mwalimu mkuu mmoja akasema mteja ni shule ya sekondari, kwa sababu ndiyo inayopokea. Wakapandishiana sauti. Mwisho akasimama mwalimu mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko umbo lake, akasema, "Mimi nafundisha la kwanza. Wateja wangu wengine bado wanajikojolea. Nawaomba mnapowatafuta wateja wenu muwakumbuke na wangu, wako pale wamelowa."

Huyo ndiye Mwalimu Zuhura. Ukumbi ulicheka, mwezeshaji akaandika "mwanafunzi" ubaoni, na mjadala ukafungwa. Zuhura alikuwa na zaidi ya miaka kumi na mitano katika darasa la kwanza na la pili, kwa hiari yake, wakati wenzake wengi wanayakimbia madarasa hayo kwa vile hayana sifa. Anafundisha shule moja upande wa Nanganga. Shule hiyo ilikuwa kwenye orodha yangu.

Nilikuwa nimeshaitembelea mara moja kabla ya semina. Mwalimu Mkuu wake, Mwalimu Chilumba, ni mtu wa utaratibu. Nilikuta vyoo vichafu na vikavu, nilikuta ratiba imepangwa ovyo, nikaandika mapendekezo tisa. Nikayasaini. Mwalimu Chilumba hakuyaweka kabatini kama wengine. Aliyaandika upya kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya manila, akaibandika ofisini nyuma ya kiti chake, na kila pendekezo akaliachia kisanduku cha kuweka tiki.

Niliporudi mwaka uliofuata, visanduku vyote vilikuwa na tiki. Vyoo vinang'aa, ndoo za maji zimejaa, ratiba safi. "Madamu, yote tisa," akaniambia, na alikuwa na haki ya kujisifu. Nimefanya kazi na walimu wakuu wengi, wachache sana walinitii hivyo.

Tatizo lilikuwa moja. Darasa la pili lilikuwa halisomi. Nilifungua kitabu katikati, nikafunika picha, nikawapitia mmoja mmoja. Mtoto anatazama neno kama anavyotazama ukuta. Walisoma wachache, pengine saba au wanane, na walisoma vizuri kabisa. Waliobaki hata herufi zilikuwa zinawachanganya. Nikaingia la kwanza, hali ileile. Nikakusanya madaftari. Ya hisabati yalikuwa yamejaa na kuchakaa, pembe zimekunjika. Ya kusoma na kuandika mengi yalikuwa mapya, kurasa nyeupe tupu, siku moja imeandikwa, siku nne hakuna kitu. Rejista ya mahudhurio nayo ilionyesha watoto wote wapo, kila siku.

Ninyi mngesemaje? Mimi nilisema mwalimu anapenda hisabati na anakwepa kusoma. Nilikuwa na ushahidi mkononi, madaftari na rejista. Nikakaa na Mwalimu Chilumba ofisini tukauliza "kwa nini" mara tano, kama tulivyofundishwa.

"Kwa nini hawasomi?"

"Herufi hawazijui."

"Kwa nini hawazijui?"

"Hazijawakaa. Hazikufundishwa zikawakaa."

"Kwa nini?"

"Mwalimu amechoka, Madamu. Miaka yote la kwanza, la kwanza."

"Kwa nini amechoka?"

"Ndiyo hivyo umri."

"Kwa nini…" Hapa nilisita, kwa sababu Mwalimu Chilumba alishaanza kutazama juu, na niliona jibu la tano litakuwa la Mwenyezi Mungu.

Kosa la ile mbinu halikuwa kwenye hesabu ya maswali. Tuliyauliza ofisini, tumekaa, mlango umefungwa, tukapata majibu ya ofisini. Lakini siku ile niliona nimefika kwenye mzizi. Mchana tukawaita walimu wote, nikasoma matokeo mbele yao kama ilivyo kawaida. Nikasoma kwamba ufundishaji wa kusoma katika madarasa ya chini hauridhishi, na napendekeza mwalimu husika aondolewe katika madarasa hayo. Sikumtaja jina. Hakukuwa na haja, mwalimu wa madarasa hayo alikuwa mmoja, na alikuwa amekaa kiti cha mbele. Zuhura aliomba kusema, akasema maneno machache, mimi nikayaandika kwenye daftari langu, tukafunga kikao.

Mwalimu Chilumba alitekeleza, kama kawaida yake. Zuhura akaandikiwa barua ya onyo, nakala ikaingia kwenye faili lake, akahamishiwa la tano kufundisha Maarifa ya Jamii. La kwanza na la pili akapewa kijana wa kujitolea, mchangamfu, anayeimba na kurukaruka na watoto. Nilisikia kwamba Zuhura alipitisha wiki nzima bila kuingia ofisi ya walimu. Alikuwa anakaa nje ya darasa la tano, kwenye benchi, anasahihisha hapo. Nilisikia, nikasema atazoea.

Muhula uliofuata nilirudi kuangalia mabadiliko. Kijana anaimba, kijana anaruka, kadi za herufi zimetundikwa kwenye kamba ukuta hadi ukuta. Nikafungua kitabu katikati. Walewale saba au wanane wakasoma. Waliobaki wakautazama ukuta.

Hapo nilipaswa kushtuka, na nilishtuka nusu. Nilikuwa nimebadilisha mtu, kosa likabaki limekaa mahali pake. Kiwandani wangejua mara moja kwamba kasoro haikuwa kwa mtu. Mimi nilianza kuandika kwamba kijana anahitaji mafunzo.

Siku hiyo kulikuwa na kikao cha kamati ya shule, nikakaribishwa. Katika wajumbe alikuwepo mama mmoja, Mwanahawa, mwenye mtoto darasa la pili. Msimu wa korosho ukifika yeye hufanya kazi kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika, akipima korosho zinazoletwa na wakulima: anachota sampuli, anakata, anaangalia ndani, anasema daraja. Nilipomaliza kueleza habari za mafunzo ya kijana, akanyoosha mkono.

"Shikamoo, Madamu."

"Marahaba."

"Mie si msomi, utanisamehe. Pale ghalani mie nakata korosho. Ikiwa imeoza, nikate nisikate, imeoza. Kwa kukata kwangu haiwi nzima. Sasa mkulima akinililia namuuliza, uliokota lini? Ulianika siku ngapi? Ulianika chini au kwenye turubai? Nikipata nafasi nakwenda kwake nikaone. Wewe tangu mwaka jana unakuja hapa unakata tu. Unasema hii mbovu, hii mbovu. Huku kwetu zinakotoka umefika?"

Mwenyekiti akamwambia, "Mwanahawa, heshima," na yeye akajibu kwamba heshima ameshatoa, ameamkia.

Nikamuuliza anataka nifike wapi. Akasema, "Kesho asubuhi njoo pale pampuni. Uje mapema, wenzio wanaamka."

Nililala nyumba ya wageni Ruangwa, nikafika kwenye pampu ya mkono iliyoko bondeni kabla ya saa moja. Ilikuwa kipindi cha kiangazi, visima vya karibu vimekauka. Nilikuta foleni. Mbele walikuwa akina mama na ndoo zao, wanawahi shamba kupalilia chini ya mikorosho. Nyuma yao, hadi kwenye njia, walikaa watoto wenye sare za shule, kila mmoja na dumu la njano la mafuta ya kula, la lita tatu, wengine la tano, jina na darasa vimeandikwa kwa kalamu nzito. Darasa la kwanza. La pili. La tatu. Hakukuwa na mkubwa hata mmoja.

Nikachuchumaa karibu na binti wa Mwanahawa. Ana miaka kama minane.

"Hayo maji ya nani?"

"Ya shule. Ya vyoo."

"Mbona hukuchota jana jioni?"

"Ya jioni tunapikia."

"Na ukienda bila maji?"

"Unarudishwa."

"Sasa na kipindi cha kusoma?"

Akanitazama kama mtu anayemweleza mgeni mambo ya kwao. "Kusoma ni kwa wale wanaokaa karibu," akasema.

Hakuwa analalamika. Alikuwa ananipa ratiba.

Nilitembea nao. Niliwabebea madumu mawili, nikachoka kabla ya wao. Maji yanachuruzika kwenye mifuniko iliyopotea, wanaziba kwa majani. Tulipofika shuleni ilikuwa saa tatu kasorobo, mwalimu wa zamu anasimama mlangoni kuhakikisha kila dumu linamwagwa pipani. Darasani kijana alikuwa anamalizia vipindi viwili vya kusoma, na mbele yake wapo watoto saba. Wale wanaokaa jirani na shule, ambao kwao kuna visima vya uani. Kengele ikagongwa, wenye madumu wakaingia, rejista ikaitwa, wote wapo. Kisha kikaanza kipindi cha hisabati, na watoto wote wakafungua yale madaftari yaliyochakaa.

Nikaenda ofisini. Sikuhitaji kuambiwa kitu. Nilisimama mbele ya karatasi ya manila nikasoma. Pendekezo la nne: maji yapatikane vyooni kila siku bila kukosa. Pendekezo la saba: somo la kusoma lifundishwe vipindi viwili vya kwanza, akili za watoto zikiwa bado hazijachoka. Yote mawili ni mazuri. Hata leo ukinipa shule nitayaandika tena. Niliyaandika siku moja, kwa mkono mmoja, bila kuuliza maji yatatoka wapi na nani atayabeba, saa ngapi.

"Mwalimu Chilumba, kwa nini wanabeba hawa wadogo?"

"Darasa la nne na la saba wana mitihani ya taifa, asubuhi wana masomo ya ziada. La tano na la sita wanafagia na kusafisha vyoo. Waliobaki ni hao, Madamu."

"Hamkuona kwamba wanakosa kusoma?"

Aligeuka akaitazama ile karatasi. "Zuhura aliona. Aliomba kusoma kuhamishiwe baada ya mapumziko. Nikamwambia hilo ni pendekezo la saba, lina sahihi ya Madamu, mimi siwezi kuligusa."

Wanangu, niliona aibu. Nimeshatukanwa kazini, nimeshapelekwa kwa wakubwa na walimu wenye ndugu wakubwa, hakuna lililonikaa mwilini kama hilo.

Nilimfuata Zuhura kwenye benchi lake. Hakusimama. Alisahihisha daftari lililokuwa mkononi mpaka mwisho, akaliweka chini.

"Nimetoka pampuni," nikamwambia.

"Nimesikia."

"Mbona hukuniambia?"

Hapo ndipo aliponitazama. "Nilikwambia. Mbele ya watu wote, siku ile. Ukaandika, nikakuona unaandika."

Daftari langu lilikuwa mkobani. Nina tabia ya kutembea na la zamani na jipya. Nikalifungua mbele yake, nikatafuta tarehe ile. Ilikuwepo, kwa mwandiko wangu, chini kabisa ya ukurasa: *Mwalimu ana visingizio vya maji.* Maneno matano. Nikamwonyesha, kwa vile kuficha kungekuwa kuongeza kosa juu ya kosa. Akayasoma, akarudisha daftari.

"Basi ungeandika hata lile la pili nililosema," akasema, na hakunieleza lilikuwa lipi. Mimi silikumbuki.

Nikamwambia nitaandika barua nyingine ya kufuta ile ya onyo. Yeye anazijua taratibu kuliko mimi. Faili la mtumishi halitolewi karatasi, linaongezwa tu. Barua ya onyo itabaki na namba yake, na ya kwangu itakaa juu yake. Akasema, "Andika. Lakini uisome palepale uliposomea yale matokeo, na wote wawepo."

Mkubwa wangu wa kazi alipoiona rasimu hakuipenda. "Andika changamoto ya maji," akanishauri. "Maji ni changamoto ya kila mtu. Kwa nini ujitaje?" Ushauri wake ulikuwa wa kunihurumia, na nilikuwa nimebakiza miaka michache kustaafu. Nikamwambia maji hayakuandika pendekezo la nne wala la saba, na hayakumwita mtu mwenye visingizio. Aligonga muhuri huku anatikisa kichwa.

Marekebisho yenyewe hayakuhitaji mradi wala mfadhili. La tano na la sita walianza kuchota maji saa tisa na nusu mchana, wakati pampu haina foleni, wakajaza mapipa mawili kwa ajili ya kesho yake. Kamati ilitafuta mapipa, na Mwanahawa ndiye aliyesimamia mifuniko. Kusoma kukabaki kipindi cha kwanza, na rejista ikaitwa kabla ya kipindi hicho. Mwalimu Chilumba aliishusha ile karatasi ya manila mwenyewe, bila kuambiwa. Hatukulaumiana. Alikuwa amenitii, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwapa alama watu kwa kunitii.

Siku ya kusoma barua, mwaka mpya wa masomo ukiwa umeshaanza, walimu walikaa vilevile, na Zuhura kwenye kiti cha mbele. Nilisoma nimesimama. Nilisoma kwamba kushindwa kwa watoto kusoma kulitokana na mapendekezo yangu mawili yaliyogongana, kwamba Mwalimu Zuhura alinieleza hivyo na mimi sikumsikiliza, na kwamba arudishwe kwenye madarasa yake kama mwenyewe anapenda. Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi, na ilikuwa vizuri.

Zuhura akasema, "Ahsante, Madamu. Nitarudi la kwanza." Nikadhani yamekwisha, nikaanza kukunja karatasi. Akaendelea, "Na wale walioshapanda la tatu hawajui herufi? Barua yao iko wapi?"

Nikamwambia sina.

"Basi twende," akasema. Akanyanyuka, akatangulia, nami nikamfuata mbele ya walimu wote kama mwanafunzi aliyeitwa nje. Mlangoni kwa la tatu akachukua chaki kwenye kikopo, akanipa, yeye akaelekea la kwanza, hakugeuka nyuma.

Sikuwa nimesimama mbele ya darasa kwa miaka kumi na minne. Watoto walinijua, mimi ni yule mama anayefunika picha kwa mkono. Binti wa Mwanahawa alikuwa dawati la pili. Nikaandika *a* ubaoni, kubwa, nikageuka. Mtoto wa mbele, mmoja wa wale wanaokaa karibu na shule, akaitazama kwa muda, akanyoosha mkono.

"Madamu, hiyo imekaa vibaya."

Nikaitazama. Alikuwa anasema kweli, mkia wake ulikuwa umegeukia kushoto. Nikaifuta kwa kiganja, nikamuuliza ikae vipi, akaja ubaoni akanionyesha.